Presha Si ya Wazee Pekee: Mbona Hakuna Mtu Anatupima?

Kuna sentensi kila Mkenya ameshasikia: "Usinipandishe presha." Mathe anaisema ukikosa kuosha vyombo. Abiria anamwambia makanga aliyekataa kurudisha chenji. Shabiki wa mpira anaiambia timu yake kila wikendi. Tumeitumia hadi imekuwa utani. Ukimuuliza kijana yeyote wa Umoja, Kisauni au Kondele presha ni nini, atakwambia ni kitu unapata ukikasirishwa, tena ni ugonjwa wa shosho mwenye kadi ya kliniki na vidonge vilivyofungwa kwenye kibahasha cha kaki.

Mimi nasema hivi: hilo neno limetudanganya mara tatu. Limetuambia presha ni ya wazee. Limetuambia presha ikipanda utaisikia. Na limetuambia presha ni hasira. Yote matatu si kweli, na kuna wasee wa miaka 15 na 16 ambao wanatembea nayo saa hii bila kujua.

Leo naongea na nyinyi mlio kati ya miaka 13 na 20 hivi. Nitawaambia nini kinahusishwa na presha kwa watu wa umri wetu, halafu nitasema kitu ambacho wakubwa wengine hawatapenda: lawama tunazotupiwa si zetu zote.

Tuelewane kwanza

Moyo unasukuma damu kwenye mishipa. Ile nguvu damu inasukuma nayo kuta za mishipa ndiyo shinikizo la damu. Kila mtu aliye hai anayo. Shida ni ikikaa juu muda mrefu.

Kipimo kina namba mbili. Ya juu ni wakati moyo unafinya, ya chini ni wakati moyo unapumzika kati ya pigo moja na lingine. Kwa mtu wa miaka 13 kwenda juu, mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka wa 2017 uko wazi: ukiwa chini ya 120 kwa 80, uko fiti. Namba ya juu ikiwa kati ya 120 na 129, na ya chini bado haijafika 80, imeanza kupanda na unafaa kuichunga. Ikifika 130 kwa 80 au zaidi, na irudie hivyo ukipimwa siku tatu tofauti, hiyo sasa inaitwa presha. Wenye umri wa chini ya miaka 13 wanapimwa kwa hesabu nyingine inayoangalia umri, urefu, na kama ni mvulana au msichana.

Shika hapo kwa siku tatu tofauti. Ukikimbia kupanda ngazi halafu upimwe, namba itakuwa juu. Ukiogopa daktari, itakuwa juu. Ukipimwa na kitambaa cha mashine kidogo kuliko mkono wako, pia itakuwa juu. Kwa hivyo kipimo kimoja hakikufanyi mgonjwa. Lakini kipimo kimoja cha juu kinafaa kukurudisha kupimwa tena, na hapo ndipo Kenya tunapotea. Nitarudi kwa hiyo story.

Je, hii shida ni kubwa ama nakuza mambo? Mwaka wa 2025 jarida la Lancet la afya ya watoto na vijana lilichapisha utafiti uliojumlisha tafiti nyingi za nchi mbalimbali. Kati ya mwaka wa 2000 na 2020, sehemu ya watoto na vijana wa chini ya miaka 19 wenye presha ilikaribia kuongezeka maradufu, kutoka karibu asilimia 3 hadi zaidi ya asilimia 6. Chukua darasa la watu 50. Zamani ungetafuta mmoja, pengine wawili. Sasa ni watatu. Hebu fikiria darasa lako, hesabu madawati, halafu uniambie kama hao watatu unawajua. Nao wenyewe hawajijui.

Mvua isiyo na mawingu

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Presha haifuati hiyo methali. Inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kichwa kuuma, bila kizunguzungu, bila chochote. Unacheza mpira, unadensi, unapiga picha, unaonekana uko sawa kabisa. Huku ndani moyo unafanya kazi ya ziada na misuli yake inaanza kunenepa. Mishipa inakuwa migumu. Figo, ambazo zina mishipa midogo sana, zinaanza kuumia polepole.

Kijana mwenye presha ana nafasi kubwa ya kuwa mtu mzima mwenye presha. Na mtu mzima mwenye presha ndiye yule tunamsikia amepata kiharusi akiwa na miaka 42, watu wanasema amerogwa, ama "alikuwa tu mzima jana." Hakuwa mzima jana. Hakupimwa jana, na hata miaka 20 iliyopita hakupimwa.

Sasa, ni nini kinaileta?

Kabla sijaanza, kitu kimoja. Watafiti wakisema kitu "kinahusishwa" na presha, hawamaanishi kila mwenye hicho kitu ataipata. Wanamaanisha ukikusanya watu wengi, wenye hicho kitu wanaonekana kuwa nayo zaidi. Kwa hivyo usisome hii ukijihukumu. Soma ukijipima.

Ya kwanza, na ndiyo inaonekana sana kwa vijana, ni uzito uliozidi. Kwenye utafiti ule wa 2025, karibu kijana 1 kati ya 5 wenye unene wa kupindukia alikuwa na presha. Kwa wenye uzito wa kawaida walikuwa chini ya 3 kati ya 100. Tofauti ni kubwa. Mafuta yanayokaa tumboni yanavuruga homoni, yanafanya figo zishikilie chumvi, na yanaupa moyo mzigo wa kusukuma. Lakini tusichezee watu wanono hapa. Kuna watu wembamba kama fimbo wenye presha. Wembamba si cheti cha afya, na kumwita mtu majina juu ya mwili wake hakujawahi kushusha presha ya mtu yeyote.

Ya pili ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, yaani siku nzima, kila kitu ndani. Dunia kwa wastani inakula karibu mara mbili ya hiyo. Na chumvi nyingi hatuioni. Iko kwenye smokie, kwenye soseji, kwenye krispi, kwenye mkate, kwenye ile pakiti ndogo ya viungo vya noodles, kwenye vile vipande vya kuongeza ladha ambavyo kila mpishi anavunja kwenye sufuria halafu bado anaongeza chumvi juu. Ukitaka kujua, geuza pakiti usome sodiamu, uzidishe kwa 2.5. Ikiandika miligramu 800, hiyo ni gramu 2 za chumvi. Karibu nusu ya siku yako imeisha kwa pakiti moja.

Kitu ambacho watu hawaambiwi ni kwamba kuna chakula kinachofanya kazi kinyume. Potasiamu inausaidia mwili kutoa chumvi, na iko kwenye ndizi, maharagwe, viazi vitamu, parachichi na mboga za kijani. Yaani ile githeri na avokado mnaicheka shuleni iko upande wenu.

Ya tatu ni vinywaji. Soda ya nusu lita inaweza kubeba gramu 50 hivi za sukari, kama vijiko 12 vya chai. Hakuna mtu anaweza kuweka vijiko 12 kwa chai yake na mathe amwangalie tu. Halafu kuna vile vinywaji vya kuongeza nguvu, zile kopo za rangi rangi. Wataalamu wa Ulaya wanasema kijana asizidishe miligramu 3 za kafeini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Ukiwa na kilo 50, kikomo chako ni 150. Kopo moja kubwa la nusu lita linaweza kufika hapo ama kupita. Sasa kuna msee wa kidato cha nne anapiga mbili usiku mmoja juu ya mtihani. Moyo wake unakimbia, presha inapanda, na yeye anadhani ndiyo akili imewaka.

Ya nne ni usingizi. Watu wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji kulala saa 8 hadi 10. Ukilala, kwa kawaida shinikizo la damu linashuka, mishipa inapumzika. Ukinyima mwili huo muda usiku baada ya usiku, unaunyima likizo yake. Tafiti nyingi zimeonyesha vijana wanaolala kidogo ama vibaya wana shinikizo la juu kuliko wenzao.

Ya tano ni kukaa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu wa miaka 5 hadi 17 atoe jasho angalau dakika 60 kila siku. Hesabu yao wenyewe inaonyesha vijana 8 kati ya 10 duniani, wa miaka 11 hadi 17, hawafikishi. Dakika 60 si lazima gym. Ni kutembea haraka, kati, kuruka kamba, kudensi challenge ile ile mara kumi hadi ikubali.

Ya sita ni sigara, vepu, shisha, zile pochi za nikotini za kuweka chini ya mdomo, pombe na miraa. Nikotini inabana mishipa na kuharakisha moyo. Shisha ilipigwa marufuku Kenya tangu Desemba 2017, lakini tusijifanye hatujui ziko wapi. Na kwa maboyz wa gym: dawa za homoni za kujaza misuli zinapandisha presha pia. Mkono unanenepa, na moyo nao unaumia.

Ya saba ni zile ambazo hukuchagua. Kama mzazi mmoja ama wote wana presha, wewe uko kwenye laini. Waliozaliwa na uzito mdogo, au kabla ya wakati, pia wana hatari zaidi. Ugonjwa wa figo ni sababu kubwa kwa watoto na vijana. Hata koo linalouma kwa sababu ya bakteria, lisipotibiwa, kuna wakati linaacha figo zimeumia: uso unavimba asubuhi, mkojo unakuwa wa rangi ya kahawia kama soda, na presha inapanda. Ukiona hiyo, usingoje wiki iishe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na stress je? Stress iko. Ukikasirika, presha inapanda kwa muda halafu inashuka, kwa hivyo ile ya mathe na vyombo haimpi mtu ugonjwa. Kinachoumiza ni stress isiyoisha: karo, nyumba ambayo kila usiku ni vita, kuonewa shuleni, hofu ya mtihani ya miaka minne mfululizo. Na inakuja na marafiki wake: usingizi mbaya, kula ovyo, sigara.

Sasa tuongee ukweli kuhusu lawama

Ukisoma hiyo orodha utaskia wakubwa wakisema: "Si mnaona? Hawa vijana wa siku hizi wamezidi uvivu na simu." Hapo ndipo mimi nakataa.

Nani alipanga usingizi wetu? Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zinasema shule ya bweni iwape wanafunzi mapumziko kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo ni sheria ya Kenya, imeandikwa. Sasa mwambie mtu yeyote aliyesoma bweni akuambie kengele ya preps ya alfajiri ililia saa ngapi. Kuna shule watu wanalala saa nne na nusu usiku na kuamshwa saa kumi na nusu. Hiyo ni saa 6, wiki baada ya wiki, miaka minne. Halafu huyo mtoto akisinzia darasani anapigiwa kelele. Akinunua kinywaji cha nguvu ili asisinzie, anaitwa mtukutu.

Nani alichukua dakika 60 zetu? Kanuni hizo hizo zinaweka saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja kasorobo ziwe za michezo na shughuli nyingine nje ya masomo. Ni shule ngapi mnajua ambapo muda huo, hasa ukifika kidato cha tatu na cha nne, unageuka kuwa marudio ya hesabu? Kipindi cha michezo kiko kwenye ratiba, lakini mwalimu wa fizikia ndiye anaingia. Na mtaani, ile kiwanja mliyokuwa mnachezea bonga imekuwa ploti ya ghorofa saba. Mtoto atakimbilia wapi, kwenye ngazi?

Nani alipanga chakula chetu? Toka nje ya geti ya shule nyingi za Nairobi saa ya kutoka uangalie kinachouzwa: smocha, chips, krispi za kupimwa, soda. Mimi sina ubaya na muuza smokie, huyo anatafuta riziki kama mtu yeyote, na nikisema siipendi smokie pasua yenye kachumbari mtajua nadanganya. Point yangu ni kuwa kijana mwenye hamsini na njaa hajachagua chumvi. Amechagua kushiba kwa kitu kilicho karibu. Akiingia dukani, vinywaji vya nguvu viko mbele kabisa, karibu na counter, vina picha za wanamichezo.

Sisemi hatuna jukumu. Tunalo, na nitafika hapo. Nasema tu kuwa ukimpangia mtoto siku nzima, usingizi, chakula na mchezo, huwezi kumwambia baadaye ni yeye alijiletea.

Wakitaka damu yetu, wanatupima

Hii ndiyo story niliahidi kurudia.

Wengi wenu mara ya kwanza na ya mwisho kupimwa presha ilikuwa siku ya kuchangia damu shuleni. Damu nyingi inayotolewa Kenya imekuwa ikitoka kwa wanafunzi wa sekondari. Ukiwa na miaka 16 na kilo 50, unaweza kujitolea, na kabla hawajakutoa wanakupima. Ni kitu kizuri, inaokoa maisha, na kama unaweza kuchangia, changia.

Lakini skiza hii. Nilisoma na boy mmoja, mwembamba, mkimbiaji, mtu wa mia nne mbele. Tukiwa kidato cha tatu watu wa damu walikuja. Akapimwa, akaambiwa iko juu, akae pembeni kidogo. Akapimwa tena, bado. Akaambiwa apumzike, anywe maji, mwaka ujao ajaribu tena. Watu wakamcheka kuwa ameogopa sindano. Hakuna mtu aliandika barua kwa wazazi. Nesi wa shule hakuambiwa. Hakuna aliyemwita wiki iliyofuata kumpima tena.

Miaka mitatu baadaye, akiwa chuo, mamake alimpeleka kliniki juu ya kitu kingine kabisa, ndiyo ikaonekana. Wakampima siku tatu tofauti, zote juu. Kuuliza nyumbani, babake anameza dawa ya presha kimya kimya tangu zamani, na guka alikufa kwa kiharusi. Hakuna aliyekuwa ameunganisha hizo nukta. Leo yuko sawa, anafuatiliwa, amepunguza chumvi na bado anakimbia. Lakini miaka mitatu ilienda bure, na namba ilikuwa imeandikwa kwenye fomu fulani tangu siku ya kwanza.

Hiyo ndiyo inaniuma. Wakitaka damu yetu, wanatupima. Wasipoitaka, namba inaenda na gari.

Na si vijana tu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha karibu Mkenya 1 kati ya 4, wa miaka 18 hadi 69, ana presha, na zaidi ya nusu ya watu walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja maishani. Kama baba na mama hawajapimwa, ni nani atafikiria kumpima mtoto wa kidato cha pili?

"Lakini si unatutisha tu?"

Najua kuna mtu ashaanza kuandika hiyo. Tuiangalie vizuri.

Kwanza, kuna hoja ya maana: ukipima vijana wote, wengine wataonekana wako juu siku hiyo tu, watapata wasiwasi bure, na hospitali zitajaa. Ni kweli inaweza kutokea. Hata wataalamu wanabishana kama kupima kila kijana kuna faida ya kutosha. Lakini jibu la kipimo kibaya ni kupima vizuri na kurudia. Kuacha kupima hakutatui kitu. Kitambaa cha mashine kikufae mkono, ukae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono ukiwa sawa na moyo, na usiwe umekunywa kahawa ama kuvuta kitu. Ikiwa juu, rudia siku nyingine, na nyingine. Haigharimu mamilioni.

Pili, mtu atasema vijana watajazwa dawa. La. Kwa wengi wetu matibabu huanza na chakula, usingizi, mwendo na uzito. Dawa ni kwa wale ambao iko juu sana, ama wana dalili, figo mbovu au kisukari, ama imekataa kushuka. Na hiyo ni kazi ya daktari. Usimeze kidonge cha shosho, tafadhali.

Tatu, kuna wa "Kenya ina shida kubwa kuliko hii." Iko, lakini kusafisha figo kwa mashine mara mbili kwa wiki ni shida kubwa pia, uliza familia yoyote iliyoshika bakuli ya mchango. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ukuta unajengwa na harambee.

Ninachotaka

Kutoka kwa shule na serikali nataka vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji sheria mpya.

Moja, kila mwanafunzi wa sekondari apimwe presha mara moja kwa mwaka, na mzazi apewe namba kwa maandishi. Mashine ziko. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000, wakapewa mikoba yenye vifaa, mashine ya presha ikiwemo. Wanapita nyumba kwa nyumba. Geti ya shule wanaweza kuingia pia.

Mbili, kijana akipatikana juu siku ya kuchangia damu, asirudishwe darasani na chupa ya maji tu. Apewe karatasi ya kwenda kliniki, na shule ifuatilie kama alienda.

Tatu, zile kanuni za 2015 zifuatwe. Tulale. Tucheze. Ukitaka gredi, mtoto aliyelala anashika vitu kuliko aliyesinzia.

Na kwako wewe unayesoma hii kwa simu saa saba usiku, nakuona. Zima, ulale. Kesho muulize mzazi swali moja: "Kwetu kuna mtu ana presha ama alikuwa nayo?" Wazazi wetu huficha haya mambo wakidhani wanatulinda, kwa hivyo uliza kwa heshima lakini usikubali "achana na hiyo." Wiki hii tafuta mahali upimwe: kituo cha afya, duka la dawa lenye mashine, mhudumu wa afya wa mtaa wenu. Andika namba zote mbili kwa simu yako, na tarehe. Ikiwa 120 kwa 80 ama zaidi, rudi tena siku nyingine. Ikigonga 130 kwa 80 mara tatu, nenda umwone daktari na hiyo listi yako. Ikiwa juu sana, kama 180 kwa 120, ama kichwa kinauma vibaya, unaona giza au kifua kinabana, usingoje kesho.

Halafu chagua kitu kimoja tu. Onja chakula kabla ya kuongeza chumvi. Badilisha soda moja iwe maji. Shuka stage moja mapema utembee. Ukijaribu vitu kumi siku moja, Jumatano utakuwa umerudi kwa krispi.

Tunajua asilimia ya chaji ya simu zetu kila saa. Tunajua followers wetu hadi wa mwisho. Namba mbili za damu yetu wenyewe, wengi hatuzijui. Za kwako ni ngapi?